Tumekuta mawe ya kijani tukichimba kisima. Je, tuna mgodi?

*"Sisi ni familia ya Likasi, Katanga, huku Kongo. Tuna shamba upande wa Kambove ambalo marehemu babu alipewa na chifu zamani. Mwezi wa tisa baba mdogo alianza kuchimba kisima. Walipofika mita saba hivi wakaanza kutoa mawe ya kijani, na chini yake udongo mweusi mzito kama makaa yaliyolowa. Binamu yangu alipeleka mfuko mmoja depo, kwa wanunuzi wa madini, wakaupima kwa Metorex, ikasoma shaba asilimia 11 na kobalti asilimia 2.3. Tangu siku hiyo nyumbani hawalali. Bwana mmoja amekuja na karatasi za kampuni, anataka tusaini tumwachie shamba kwa dola 8,000, lakini kwanza sisi tumpe dola 1,500 za 'kufungua faili' CAMI, ofisi ya vibali vya madini. Vijana wanasema tusisaini, tuchimbe wenyewe sasa hivi kabla bei haijashuka. Mimi nasoma Dar es Salaam na wananitegemea niwaambie la kufanya. Je, madini haya ni yetu? Tutajuaje kama ni mengi? Inachukua muda gani mpaka mgodi uanze? Na yule bwana tumjibu nini?"*

Ndugu yangu, nianze na yale yasiyongoja. Wapigie simu nyumbani leo uwaambie mambo matatu: wasisaini karatasi yoyote, wasitoe hata faranga moja, na hilo shimo lizungushiwe uzio na kufunikwa kwa mbao nzito kabla mtoto hajatumbukia. Ukishapiga simu hiyo, vuta kiti tuzungumze taratibu.

Nimefanya kazi ya ujiolojia miaka mingi kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na swali kama lako nimeulizwa mara nyingi. Safari hii ni kisima. Mara nyingine ni choo, au msingi wa nyumba. Ndani yake kuna hofu mbili zinazovutana. Moja inasema utajiri umefika mlangoni na mkizubaa utapita. Nyingine inasema mnakaribia kuibiwa mchana kweupe. Kwa uzoefu wangu hofu ya pili ndiyo yenye msingi zaidi.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kwa maelezo yako na kwa vipimo mlivyopata, lile la kijani ni malakaiti, madini ya shaba, na ule weusi mzito unaelekea kuwa heterojeniti, madini makuu ya kobalti katika tabaka za juu za Katanga. Yote mawili ni ya kweli, hamkudanganywa hapo. Ila shaba haikuzaliwa ikiwa ya kijani. Chini, mahali ambapo maji ya mvua na hewa havifiki, shaba imefungamana na salfa. Rangi yake ni ya kijivu, au ya manjano yaliyofifia, na mtu asiyezoea huipita bila kuijua. Maji yenye hewa yakishuka kwa muda mrefu sana, huiyeyusha na kuibeba. Yakikutana na mwamba wa dolomiti, jamii ya chokaa, shaba huganda tena, na safari hii huganda ikiwa ya kijani. Huenda imegandia palepale juu ya mashapo yake, yaani hazina ya shaba iliyolala chini. Huenda pia imesafiri makumi ya mita na kujibanza kwenye ufa wa mwamba usio na kitu kingine. Kijani ni nyayo za mgeni: zinakuonyesha kwamba alipita, lakini hazikuambii amelala nyumba gani.

Kobalti ina tabia nyingine. Yenyewe haisafiri sana. Mwamba unaoizunguka ukioza na kuchukuliwa na maji, kobalti hubaki nyuma ikijilimbikiza, kama ukoko unaobaki sufuriani wali ukishapakuliwa, tofauti ni kwamba ukoko huu uko karibu na uso wa ardhi. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Katanga kobalti ni nzito juu, kisha hupungua kadiri unavyoshuka. Asilimia 2.3 kwenye mita saba haimpi mtu yeyote haki ya kuahidi asilimia 2.3 kwenye mita 70.

Sasa hiyo Metorex. Wengi wanaiogopa kama mganga, wengine wanaiamini kama Msahafu. Ni kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola. Unakigusisha kwenye jiwe, kinarusha miale, na baada ya sekunde chache kinasoma kilichopo kwenye ngozi ya jiwe, eneo dogo lisilozidi ukucha. Kikigusa mshipa wa kijani kinasema mengi, kikigusa pembeni kinasema machache. Mwenye depo anajua pa kukigusisha anaponunua, na mwenye mawe anajua pa kumwonyesha. Zaidi ya hapo, muulize binamu yako alijaza nini ule mfuko. Naweza kuapa kwamba alichagua mawe ya kijani zaidi. Hakuna mtu anayebeba mawe ya kijivu mgongoni mpaka mjini. Kwa hiyo asilimia 11 ni kipimo cha macho ya binamu yako. Tungetaka kujua ukuta wa kisima una nini, tungepangusa ukuta, tukachonga mfereji mwembamba kutoka juu hadi chini, tukakusanya vipande vyote vya kila mita moja kwenye mfuko wake, kizuri na kibaya pamoja, tukapeleka maabara vikasagwe vyote. Nimeona mara nyingi asilimia 11 ya depo ikigeuka kuwa 2 au chini ya hapo kwa njia hiyo. Tafadhali, asishuke mtu kisimani kwa ajili hiyo. Nakueleza tu ili uelewe tofauti.

Nifike kwenye jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawajaelezwa, nalo ndilo kiini cha swali lako la "ni mengi kiasi gani". Miamba yenye shaba ya Katanga ilianza kama mchanga na tope chini ya maji ya kina kifupi, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, pamoja na tabaka za chumvi. Baadaye ardhi ilisukumwa kutoka kusini. Chumvi ni laini, hutambaa ikibanwa. Miamba iliyoikalia ikateleza, ikakunjika, ikakatikakatika. Ukipasua milima ya Kambove au Kolwezi leo hukuti tabaka moja refu lililolala kama mkeka. Unakuta vipande vya tabaka vikiogelea ndani ya mwamba uliovunjika na kuganda upya, ule tunaouita bresha, kama minofu ndani ya mchuzi uliopoa. Mnofu mmoja unaweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, na huo ndio migodi mikubwa. Mwingine hauzidi nyumba ya vyumba vitatu. Kwa juu, yote miwili inaonyesha kijani kilekile.

Ndani ya kila mnofu mzima mpangilio unajulikana vizuri. Kuna tabaka mbili zenye madini, kila moja unene wake ni mita kumi hivi, na katikati yake mwamba mgumu wenye vishimo kama sega la nyuki. Wabelgiji waliyapa matabaka haya vifupisho vya Kifaransa, RAT, RSF, RSC, SD, na vinatumika mpaka leo. Mjiolojia akija shambani kwenu, kazi yake ya kwanza ni kutambua ameangukia herufi ipi. Akikuta ule mwamba wenye vishimo umelala na tabaka laini huku na huku, anaanza kuchangamka. Akikuta bresha tupu yenye madoa ya kijani, anakunja uso.

Nikupe kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia utafiti kwenye kilima kimoja kaskazini mwa Likasi, kampuni sitaitaja. Kilima kilikuwa kipara, miombo imekizunguka pande zote lakini juu hakuna mti, nyasi tu na ua dogo la zambarau. Tulichimba mtaro, tukapata mita 14 mfululizo za malakaiti, kuta zinang'aa kama zimepakwa rangi. Kila mtu alipiga picha. Shimo la kwanza la kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, likakata mita zilezile 14. La pili tuliliweka liukute mwamba uleule mita 60 chini. Nakumbuka nikipiga magoti kwenye sanduku la sampuli, namwagia maji miche ya mwamba iliyotolewa shimoni, nasubiri kijani. Ikatoka RAT nyekundu ya zambarau, mwamba usio na shaba, kisha bresha, kisha bresha, mpaka mwisho wa shimo. Mnofu wetu ulikuwa kisahani. Viangazi viwili vya kazi, na wazee wa kijiji walikuwa wameshaanza kugawana nafasi za ajira. Hakuna aliyewadanganya, ila hakuna aliyewaambia wasubiri pia, na hilo bado linaniuma.

Na kuna upande wa pili. Kamoa, magharibi ya Kolwezi, ni miongoni mwa mashapo makubwa kabisa ya shaba yaliyopatikana duniani katika miaka ya karibuni, na juu yake hakuna kilima cha kijani. Madini yamejificha chini ya mwamba mwingine, ndiyo maana Wabelgiji walipita hapo miaka yote bila kuyajua. Yalitambuliwa mwaka 2008 kwa kuchoronga. Kwa hiyo kijani kingi hakimaanishi mgodi, na kutokuwapo kijani hakumaanishi hapana mgodi. Jibu hutolewa na mashimo ya kuchoronga tu.

Kuhusu lile ua la zambarau, liulizie nyumbani. Wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense, na ni miongoni mwa mimea michache inayovumilia udongo wenye shaba inayoua miti. Wahenga waliofua misalaba ya shaba walijua kusoma vilima vipara muda mrefu kabla ya Wazungu kufika. Hata M'siri, aliyetoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, na kusimika utawala wake Bunkeya, alivutwa na shaba hiyo. Kama shambani kwenu kuna eneo lisilota mti tangu enzi za babu, hilo lina uzito kuliko asilimia ya depo, kwa sababu linaonyesha ukubwa wa eneo. Kama mihogo na miembe inastawi mpaka ukingoni mwa kisima, punguzeni matumaini.

Sasa swali lako la kwanza: je, madini ni yenu? Hapana, na ni afadhali uwaambie wazi wazi. Kwa sheria ya Kongo, kilichomo ardhini ni mali ya Serikali. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inatenganisha haki ya kuchimba na haki ya kukaa juu ya ardhi. Chifu alimpa babu yako haki ya kulima na kujenga, naye hakuwa na shaba ya kumpa. Uko Dar es Salaam, huenda umesikia kwamba Mtanzania anaweza kuomba leseni ndogo ya uchimbaji kwa jina lake mwenyewe. Usiichukue picha hiyo ukaihamishia Kambove. Kongo nayo ina kibali cha mgodi mdogo, lakini njia yake hupitia kwanza kibali cha utafiti, na anayeomba kibali cha utafiti hutakiwa kuonyesha uwezo wa fedha ambao familia ya kawaida haina.

Lakini hapa ndipo ninapotaka muinue vichwa. Mna kitu ambacho hata mwenye kibali hana: mko juu ya ardhi. Sheria inamtaka mwenye kibali awafidie wakaaji halali kwa mazao, nyumba na matumizi ya ardhi anayoyazuia, na kuna masharti yanayolinda nyumba na mashamba yaliyolimwa dhidi ya kuvamiwa bila ridhaa. Fidia hiyo ndiyo mali yenu ya uhakika leo, ziwepo tani milioni au kisahani. Ndiyo maana naitilia shaka hiyo karatasi ya dola 8,000. Inawezekana kabisa kwamba yule bwana, au anayemtuma, anajua nani ana kibali juu ya shamba lenu, na anataka muwe mmeshaondoka kwa hiari kabla siku ya kuhesabu fidia haijafika. Na zile dola 1,500 hazina maelezo ya heri. Ada za CAMI hulipwa na anayeomba kibali, kwa stakabadhi, kwa jina lake. Mtu anayetaka ardhi yako halafu akudai wewe pesa ya kuichukulia kibali, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Kwa hiyo kabla ya yote, jueni nani ana karatasi. Mwambie mmoja wa vijana asimame kando ya kisima na simu, achukue majira ya latitudo na longitudo, ayaandike mara mbili. Kwa kazi ya madini Kongo imegawanywa katika miraba inayoitwa kare, kila moja hekta 84.955, na CAMI, yaani Cadastre Minier, ndiyo inayoweka daftari la nani ana kare zipi mpaka lini. Daftari hilo ni la wazi kwa umma. Kwa Kambove nenda ofisi yao ya Lubumbashi. Nakuonya mapema: ukanda wa Likasi na Kambove umechimbwa zaidi ya karne moja, na kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière kwanza, na ya serikali, Gécamines, baadaye, na kukuta kare isiyo na mwenyewe huko ni kama kukuta kiti kitupu kwenye basi la Jumatatu asubuhi.

Ikitokea kare ina mwenyewe, mnajua wa kuzungumza naye, na yule bwana atalazimika kuonyesha uhusiano wake naye. Ikitokea iko ndani ya eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo, kuna utaratibu wa vyama vya ushirika na wakala wa serikali, SAEMAPE, wa kuwasimamia. Ikitokea haina mtu, basi msipige kelele, na ndipo muda wa kutafuta mshirika wa kweli unapoanza.

Nimekwepa kidogo suala la vijana, sasa nilishike. Siwadharau wachimbaji wadogo. Wanalisha maelfu ya familia za Lualaba na Katanga ya Juu, na wengine wanasoma mwamba kuliko wahitimu wangu. Lakini kuchimba bila kuwa ndani ya eneo lililotengwa, bila kadi ya mchimbaji na bila ushirika, ni kosa, na siku mwenye kibali akija mtahesabiwa wavamizi kwenye ardhi yenu wenyewe. Hapo hata sauti ya kudai fidia inapungua. Kisha kuna mwamba. Ule udongo mweusi laini ni mzuri kwa koleo na ni mbaya kwa mtu aliye chini yake. Mvua za Novemba zikianza hauna kitu cha kuushikilia. Sheria haiwaruhusu wachimbaji wadogo kupita mita 30, lakini watu hufa kwenye mita nane. Mwezi Juni 2019 ukuta uliporomoka kwenye eneo la mgodi karibu na Kolwezi na zaidi ya wachimbaji 40 wakafukiwa.

Waulizeni pia ndugu wa Kolwezi habari za mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 mkaazi mmoja alikuta heterojeniti akichimba kwenye kiwanja chake. Habari ikatoka, na mtaa mzima ukageuka mashimo: ndani ya vyumba, chini ya vitanda, mahandaki yakipita chini ya jirani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa, mamia ya kaya, na eneo likazungushiwa ukuta. Waliopata pesa walipata. Lakini mtaa waliokuwa nao haupo tena. Kama kisima chenu kikianza kutoa viroba kila jioni, kijiji kizima kitakuwa shambani kwenu kabla ya wiki mbili.

Hata hiyo bei wanayoikimbilia haishikiki. Mwaka 2018 kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani kwenye soko la London. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeanguka hadi kama dola 22,000. Februari mwaka huohuo serikali ya Kongo ikasimamisha kusafirisha kobalti nje, na mwezi Oktoba ikaweka mgao wa kiasi kwa kila msafirishaji. Mambo hayo yanaamuliwa Kinshasa na London, nayo humfikia mchimbaji kwa njia ya mwenye depo kusema "leo sinunui".

Kuhusu muda na gharama. Utafiti wa kweli huanza kwa udongo: mistari kila mita mia, sampuli kila mita 25 au 50, zikichotwa chini ya rutuba. Hiyo hufanyika kiangazi na si ghali sana. Ramani yake ikionyesha umbo linaloeleweka, inafuata mitaro, kisha kuchoronga. Hapo pesa zinaanza kuvuja. Mita moja ya kuchoronga mche wa mwamba, pamoja na maabara na usafiri, inapita dola 100. Mashimo 30 ya mita 150 ni mita 4,500, zidisha mwenyewe. Kila mche hukatwa katikati kwa msumeno, nusu inakwenda maabara, nusu inabaki sandukuni ili mwingine aje kuhakiki, na katikati ya sampuli huingizwa kwa siri mawe yenye kipimo kinachojulikana, kuitega maabara. Uangalifu huo una historia. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ilianguka baada ya kugundulika kwamba sampuli za dhahabu yake ya Indonesia zilinyunyiziwa dhahabu, na wawekezaji wakapoteza mabilioni. Tangu hapo anayekutajia tani bila kukuonyesha mashimo, usimwamini, hata akivaa kofia ngumu.

Tupige hesabu moja pamoja. Tuseme bahati iko kwenu: tabaka lina urefu wa mita 200, unene mita 8, na linashuka mita 50. Hiyo ni mita za ujazo 80,000. Mwamba uliooza una kama tani mbili kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tani 160,000 za mawe. Kwa wastani wa asilimia 2.5 unapata tani 4,000 za shaba. Nakuona ukizidisha kwa bei ya dunia na moyo ukienda mbio. Tulia. Bei ile ni ya shaba safi ya asilimia 99.99, zile sahani nyekundu zilizofungwa kwa mikanda ya chuma unazoziona kwenye malori yakiingia bandarini Dar es Salaam. Kati ya kisima chenu na sahani ile kuna kusaga, kuloweka kwenye asidi ya salfa, kusafisha na kupitisha umeme. Tani 4,000 ni kazi ya siku zisizozidi nne kwa mgodi wa Tenke Fungurume, ambao mwaka 2024 ilipita tani 400,000. Hakuna atakayejenga kiwanda kwa ajili yake. Mashapo ya ukubwa huo hupata thamani pale tu penye kiwanda cha jirani chenye njaa ya mawe, na Kambove si mbali na viwanda. Hilo ni tumaini la kweli, lakini ni dogo, na bei yake anaipanga mwenye kiwanda.

Kuna mtego mwingine ambao depo hawawezi kuuona. Dolomiti hula asidi. Jiwe lenye shaba nzuri lakini limejaa dolomiti linaweza kunywa asidi yote kabla shaba haijayeyuka, na faida ikaishia hapo. Ndiyo sababu maabara hupima mara mbili, shaba yote iliyomo na shaba inayoyeyuka kwa asidi, na mhandisi huanza kwa kusoma hicho kipimo cha pili.

Na miaka? Kamoa, iliyokuwa na pesa nyingi na madini ya kipekee, ilitoka ugunduzi wa 2008 hadi uzalishaji wa kwanza Mei 2021. Tenke ilijulikana tangu enzi za Wabelgiji, ikaanza kujengwa miaka ya 1970, ikakwama 1976 kwa bei na vita vya Angola vilivyofunga reli, ikatoa shaba yake ya kwanza 2009. Hata mashapo madogo yanayolisha kiwanda cha jirani yanahitaji miaka kadhaa ya utafiti, upembuzi na tathmini ya mazingira na jamii. Panga maisha yako ya masomo kana kwamba kisima hakikuchimbwa.

Mnachoweza kufanya wiki hii nyumbani hakigharimu kitu. Pigeni picha shamba lote zenye tarehe. Hesabuni miembe, miparachichi, ekari za mahindi na mihogo, nyumba, makaburi. Tafuteni karatasi au mashahidi wa jinsi babu alivyopewa, na chifu aandike barua kuthibitisha. Warithi wote wakae wakubaliane nani anasema kwa niaba yao, shangazi wakiwemo, maana nimeona mikataba mingi ikivunjwa na ndugu mmoja aliyesaini gizani. Akija mtafiti wa kweli mwenye kibali, msimfukuze. Mwombeni mkataba wa kuingia shambani wenye muda maalumu, malipo ya mazao atakayokata, ahadi ya kufukia mitaro, na usomwe kwa lugha ambayo bibi anaielewa. Fahamuni pia kwamba mgodi ukianza kweli, sheria ya 2018 inaitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa serikali ya mtaa husika. Hayo hayaji kwa familia moja, kwa hiyo msijitenge na kijiji.

Mambo mawili yanataka mtu wa kuja na viatu vyake. La kwanza ni wakili wa ardhi na madini wa Lubumbashi, kabla ya kalamu yoyote kugusa karatasi. La pili ni mjiolojia asiye na maslahi na yule bwana, aje siku mbili tu atembee shamba lote. Aje na kifaa cha kupima mnururisho. Hili nalisema kwa uzito: Shinkolobwe, mgodi wa urani, uko karibu na Likasi, na baadhi ya mawe ya shaba na kobalti ya ukanda wenu yanabeba urani. Madini yake mengine ni ya manjano au rangi ya chungwa, mengine yana kijani kinachong'aa ambacho mtoto angekipenda. Mpaka hapo, mawe yaliyotolewa yarundikwe mbali na nyumba na yafunikwe turubai, wasiyasage, wasiyaweke ndani, na walioyashika waoge na kufua nguo zile peke yake. Akiwepo mwenye kikohozi kisichoisha au vipele tangu siku ya kuchimba, aende hospitali na amweleze daktari alichokishika.

Mwisho kabisa, maji. Baba mdogo alichimba kwa sababu nyumba haina maji, na katika makelele yote haya sijaona mtu akiuliza mtakunywa nini. Maji yanayopita kwenye mwamba huo hubeba shaba na kobalti, pengine na urani, hata yakiwa meupe kama ya chupa. Yasinywewe, yasipewe mifugo, yasimwagiliwe mboga mpaka maabara iyapime kwa metali hizo kwa majina. Kipimo cha vijidudu peke yake hakitoshi. Kisima kipya kichimbwe mbali na hicho, upande wa juu wa mteremko, na kikitoa hata kokoto moja ya kijani msimame mpime tena kabla ya kuendelea. Ukishapata jibu la CAMI, niandikie namba za kare nikusaidie kulisoma.